Upepo: Neno Ambalo Sikulipigia Kura

Kumbukumbu za kikao zinasema kwamba wajumbe wote waliridhia neno "upepo" kwa kauli moja. Kauli hiyo haikuwa moja. Mimi, Sechelela, ambaye wakati huo nilikuwa Muuguzi Msimamizi wa Wodi ya Watoto, nilipinga. Niliomba pingamizi langu liandikwe, nikaahidiwa kuwa litaandikwa, na halikuandikwa. Sasa nimestaafu, naishi hapa Kikuyu, mtaa wa Dodoma, nafuga kuku na kumwagilia mchicha kwa maji ya kusuuzia vyombo, na nilikuwa nimekwisha kuyasahau hayo. Lakini juzi mjukuu wa jirani yangu, binti anayesomea uuguzi, alikuja kunijulia hali, akaniuliza kwa adabu zote kama ni kweli mimi ndiye niliyebuni neno lile. Chai ilinishinda. Kwa hiyo nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi hii, ili mlijue jambo lilivyokuwa, na ili mjifunze machache kuhusu matumbo ya watoto, ambayo hayajali kumbukumbu za kikao chochote.

Jina Sechelela, kwa wasiojua Kigogo, maana yake ni kufurahi. Wauguzi waliofanya kazi chini yangu waliliona kuwa kejeli. Wao waliniita "inchaji", neno ambalo nalo sikulipenda, lakini hilo halikupelekwa kwenye kikao.

Yawapasa kwanza mjue kwa nini neno lilihitajika. Mtoto akipasuliwa tumbo, utumbo wake hulala. Aliyenifundisha kazi, marehemu Mama Mlowe, hakupenda kusema umelala. Yeye alisema umesusa. "Utumbo ni kiumbe chenye kinyongo," alituambia. "Ukiushika kwa mikono, hata kwa nia njema, utasusa. Na aliyesusa habembelezwi kwa kulishwa." Mtoto anapokuwa mahututi, utumbo huwa na sababu zaidi za kususa: uchafu ulioenea tumboni, homa, chumvi za damu zilizopungua, na hata dawa kali za maumivu ambazo sisi wenyewe tunampa kwa huruma. Mtoto hatulii, tumbo linajaa, chakula hakiendi chini, na kisipokwenda chini kinakwenda juu.

Ndiyo maana tunaweka mpira puani, ufike tumboni, utoe kilichotuama. Tazameni kinachotoka humo kama mnavyotazama uso wa mkwe. Kikiwa kijani kama mlenda, utumbo bado umesusa. Kikigeuka njano, umeanza kusikiliza. Kikiwa cheupe kama mate, tena kidogo, mmekaribia kupatana. Kikija na rangi ya machicha ya kahawa, msitafakari, mwiteni daktari, kwa sababu hiyo ni damu ya tumbo lililochoka.

Tumbo hupimwa kwa utepe, mahali pale pale, mkiweka alama ya kalamu kwenye ngozi ili wa zamu ya jioni asipime mahali pake mwenyewe. Nalisema hili kwa sababu tulikuwa na mwanafunzi mmoja, kijana msafi na mpole, aliyepima tumbo la mtoto juu ya blanketi. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na mama wa mtoto alikuwa ameongeza blanketi la pili. Kijana akaripoti kwamba mtoto amevimba vibaya sana. Daktari alikuja mbio, akafunua, akamkuta mtoto ana tumbo bapa, anacheka. Daktari akamtazama kijana, akamwambia, "Blanketi ndilo lenye hali mbaya. Lilaze kitanda cha pili."

Kifaa cha kusikilizia kipasheni moto kwanza kwenye viganja. Mtoto akishtuka kwa ubaridi atakaza tumbo, nanyi mtasikiliza woga wake badala ya utumbo wake. Kisha sikilizeni kwa subira, pande zote. Tumbo lililosusa liko kimya kama ofisi siku ya Jumamosi. Likianza kuguruma, mshukuru Mungu, lakini msisherehekee. Sherehe ina alama yake moja tu, nayo ni ile ambayo mtu mzima mwenye heshima huenda nayo nje. Inapotoka, njia iko wazi kutoka juu hadi chini, na mtoto anaweza kula. Siku hizi mnafundishwa kuanza kumlisha mapema, tone kwa tone kupitia mpira, bila kungoja alama hiyo. Nimeona watoto wakinufaika, sipingi. Sisi tulingoja. Wodi nzima ilingoja: mama, shangazi, daktari, mpishi, wote wakikingoja kitu ambacho katika sebule zao wangekikana.

Nasi tuliuliza kwa neno lake. Tuliuliza, "Mtoto amejamba?" Mama akajibu ndiyo au bado, tukaandika, tukaendelea na kazi.

Mambo yaliharibika siku aliyolazwa mtoto wa bwana mmoja mwenye wadhifa. Mtoto alikuwa amepasuliwa kwa sababu ya utumbo uliojisokota, naye alikuwa anaendelea vizuri. Bwana alikuja kumtazama, amevaa suti, akiwa amefuatana na mama mkwe wake aliyetoka safari. Sasa, Neema, muuguzi wangu kijana na hodari, alifika kitandani akauliza swali lake la kila siku, kwa sauti ya kazi. Mama mkwe akajifunika kanga uso mzima, akageuka, akatoka. Bwana akabaki amesimama na mfuko wa machungwa. Malalamiko yake yalifika kwa katibu wa hospitali kabla machungwa hayajamenywa: kwamba ametajiwa neno lile mbele ya mkwe. Kwa usahihi wa kumbukumbu niseme kwamba mtoto alikuwa amejamba, tena vizuri sana. Jambo hilo halimo katika malalamiko.

Kikao kikaitishwa. Mwenyekiti alikuwa katibu mwenyewe, Bwana Sengelo, mtu aliyeamini kwamba hakuna tatizo la hospitali lisiloweza kumalizwa kwa kubadilisha neno. Walikuwapo mfamasia, mhasibu, Dokta Mushi ambaye ni daktari wetu wa upasuaji, na mimi.

"Agenda ni moja," akasema Bwana Sengelo. "Lugha ya staha. Mimi napendekeza 'hewa'."

"Hewa ni ya kuvuta," akasema mfamasia. "Tukiuliza kama mtoto ametoa hewa, watasema ndiyo, anapumua."

"Basi 'gesi'."

"Gesi inauzwa dukani, mwenyekiti. Tena kwa mtungi."

Mhasibu, ambaye sijui aliitwa kwa sababu gani, akapendekeza "kupumua kwa chini". Dokta Mushi, mtu wa maneno machache, akaweka kikombe chake mezani akauliza, "Na mtoto akiwa ameinuliwa miguu?" Pendekezo likaondolewa.

Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Mwenyekiti, neno lipo. Ni kujamba. Limo katika kamusi, ni fupi, na halijawahi kumchanganya mtu yeyote tangu lilipoumbwa."

"Mama Sechelela," akasema Bwana Sengelo kwa masikitiko, "wewe ni mzee wa kanisa."

"Ndiyo maana silitamki kanisani."

Wakacheka, wakapitisha "upepo". Nikasema upepo ni hali ya hewa, na kwamba tuko Dodoma, mji ambao upepo wake hauhitaji kutafutwa. Mwenyekiti akasema hoja yangu imepokelewa. Vijana, mkisikia hoja yenu imepokelewa, jueni imewekwa chini ya meza. Kuanzia Jumatatu iliyofuata, wauguzi wote waliagizwa kuuliza, "Je, mtoto ametoa upepo?"

Wiki hiyo hiyo tukampata mvulana mdogo kutoka vijiji vya Mpwapwa, aliyekuwa akiuguzwa na bibi yake. Bibi alikuwa Mgogo wa shamba, Kiswahili chake cha kuokoteza, lakini macho makali. Neema akamsogelea akauliza kama alivyoagizwa.

"Bibi, mtoto ametoa upepo?"

Bibi akatazama nje ya dirisha, mahali ambapo mifuko ya plastiki ilikuwa ikikimbizana uwanjani. "Upepo upo, mwanangu," akasema. "Tangu alfajiri. Na vumbi lake."

Neema alisikia "upo", akafurahi, akaufunga mpira wa puani na kuanza kumpa mtoto uji kijiko kwa kijiko. Kabla ya saa ya wageni mtoto alikuwa ametapika kijani, tumbo limejaa. Tukaufungua mpira, tukamzuia kula kwa kinywa, tukarudi mwanzo. Alipona baadaye, lakini siku mbili zake tulizipoteza. Dokta Mushi akamwinamia yule bibi.

"Bibi, si ulisema mtoto ametoa upepo?"

"Nilisema upo. Kwani huu mnaoniuliza ni wa kwake?" Bibi akauelekeza mkono dirishani. "Dodoma nzima inavuma, huyu mtoto atoe mwingine wa nini?"

Nikaketi naye, nikamwamkia kwa Kigogo, tukasalimiana mpaka tukamaliza ng'ombe na watoto, kisha nikamuuliza kwa neno la nyumbani. Akaziba mdomo kwa kiganja akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Kumbe hicho," akasema. "Hicho bado." Somo lenu hapa ni dogo lakini lishikeni: muulizeni mtu kwa lugha aliyolelewa nayo, na mtazame uso wake anapojibu. Mtu anayejibu kuhusu mtoto wake hatazami dirishani.

Nilimwandikia Bwana Sengelo kumjulisha. Akanijibu kwamba neno lipewe muda lizoeleke. Lilizoeleka kweli, ila kwingine. Siku moja akaja mwanamume kutoka upande wa Chamwino akiwa na shemeji yake, mwanamke mtu mzima aliyekuwa hapati usingizi na akizungumza peke yake. Walikuwa wamekaa kwenye benchi letu muda mrefu kabla hatujawauliza shida yao.

"Tumeambiwa hapa mnatoa upepo," akasema yule mwanamume.

"Wa watoto tu," akajibu Neema, ambaye hakuwa na kosa lolote katika jibu hilo.

"Na mtu mzima mwenye upepo mbaya anatolewa wapi?"

Nikawapeleka mwenyewe kliniki ya magonjwa ya akili, wakapokelewa vema. Lakini nilipokuwa nikirudi nilimpita Bwana Sengelo kwenye ngazi, na sikumsalimia. Nalikiri hilo kama tendo, si kama kosa.

Sasa nawafikisha kwa Zuhura, kwa sababu hayo yote mengine ni vituko, lakini kwa Zuhura neno lile lilikaribia kumrudisha mtoto mezani kwa wapasuaji.

Zuhura alikuwa binti wa shule ya msingi kutoka Kondoa. Homa ya matumbo, ile mnayoiita taifodi, ilikuwa imemtoboa utumbo. Aliletwa na babu yake, Mzee Issa, anayefundisha watoto madrasa. Alifika amechelewa, macho yameingia ndani, tumbo gumu. Dokta Mushi alimpasua siku ile ile, akaushona utumbo, akaosha tumbo, akatoka chumba cha upasuaji akisema tu, "Tumwombee." Mama yake alipofika kwa basi, babu alirudi Kondoa kukaa na wadogo zake Zuhura. Siku za mwanzo tulikaa karibu na kitanda chake tukisikiliza pumzi. Kisha homa ikashuka. Akafungua macho, na neno lake la kwanza, mpira ukiwa puani, lilikuwa "shikamoo". Alimwamkia daktari, akaniamkia mimi, akamwamkia mtu aliyeleta mashuka. Sikuwahi kuuguza mtoto mwenye adabu kama huyo, nanyi mtaona adabu hiyo ilitufikisha wapi.

Dalili zote zilikuwa njema isipokuwa moja. Majimaji ya puani yalikuwa meupe. Tumbo liliguruma. Lakini lilizidi kujaa, alama ya utepe ikipanda kila siku, ngozi imenyooka na kung'aa. Tukauliza kila tulipopita, "Zuhura, umetoa upepo?" Naye akajibu, "Hapana." Dokta Mushi alisikiliza akakunja uso. Utumbo uliosusa huwa kimya. Huu ulikuwa ukipiga kelele kama maji yanayogombana na bomba lililoziba. Picha ya eksirei ikaonyesha hewa imejaa kila mahali. Kuingiza mpira kutoka chini hakutaka, kwa mtoto ambaye utumbo wake ulikuwa umeshonwa muda si mrefu.

"Nadhani umejinasa kwenye kovu," akaniambia koridoni. "Nikisubiri, utaachia pale nilipoushona. Ni lazima nimfungue tena."

"Na usingizi?" nikamuuliza mtaalamu wa usingizi aliyekuwa amesimama naye.

Yeye akatazama sakafu. "Mwili ule, mama? Usingizi wa kwanza aliuvuka kwa kudra. Wa pili siuahidi."

Mama Zuhura aliambiwa hivyo hivyo, bila kupambwa. Akakubali kwa kuinamisha kichwa, akaanza kukunja kanga moja na kuikunjua, kuikunja na kuikunjua.

Asubuhi ya upasuaji, mtumishi wa chumba cha upasuaji alileta kitanda cha magurudumu akakisimamisha mlangoni. Nilikwenda kwa Zuhura kumwandaa. Nikamuuliza kwa mara ya mwisho, kwa maana taratibu hutaka hivyo.

"Zuhura, umetoa upepo?"

"Hapana, bibi." Akatabasamu.

Tabasamu hilo liliniudhi. Mtoto mwenye maumivu, anayekaribia kupasuliwa tena, hana sababu ya kufurahia jibu kama hilo.

"Mbona unatabasamu?"

"Kwa sababu sijatoa."

"Hujisikii kutoa?"

"Najisikia sana."

"Sasa?"

"Naubana, bibi."

Neema aliacha alichokuwa akifanya. Nikaketi kwenye kiti. "Unaubana kwa nini, mwanangu?"

"Nina udhu." Alisema kwa fahari ya mtoto aliyeshika somo. "Babu alinitawadhisha kabla sijaenda kupasuliwa. Akaniambia nisiuvunje, nikae nao mpaka atakaporudi. Na kutokwa na upepo kunavunja udhu. Nyinyi mnaniuliza kila siku, nami kila siku najibu vizuri."

Vijana, nilizunguka na watoto wagonjwa maisha yangu yote ya kazi, na hakuna aliyewahi kunipa jibu kama lile. Sisi tulikuwa tukimuuliza habari za utumbo; yeye alikuwa akisikia mtihani wa madrasa. Kila aliposema "hapana" nasi tukaondoka na nyuso nzito, alidhani nyuso hizo ni za watu wanaostaajabia uchamungu wake. Tungemuuliza kwa neno la kamusi, pengine angeona haya, pengine angecheka, lakini asingedhani tunamsikiliza somo.

"Zuhura," nikasema, "mgonjwa anaruhusiwa. Achia."

Akautazama msalaba kwenye shingo yangu kwa heshima. "Ahsante, bibi. Namsubiri babu."

"Mwanangu, achia," mama yake akamwambia, kanga mkononi.

"Mama, si ulisema niwatii wakubwa? Babu ni mkubwa kuliko wote hapa."

Mtumishi wa mlangoni akakohoa. "Mama inchaji, daktari anasema tumlete."

"Mwambie daktari tunapiga simu Kondoa."

"Nimwambie ya nini?"

"Mwambie ni ya kitaalamu."

Neema akapiga simu akaiweka sauti ya nje. Mzee Issa akapokea. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani, habari za kazi, habari za Dodoma na vumbi lake. Nilimjibu zote. Mzee wa Kondoa hakatizwi salamu, hata kitanda cha magurudumu kikiwa mlangoni. Hatimaye akafika panapohusika.

"Na mgonjwa wetu hajambo?"

"Mzee, hajajamba."

"Hajambo. Alhamdulillahi. Basi mpe salamu zangu, na umwambie wadogo zake—"

"Mzee, usikate simu. Sikusema hajambo. Nimesema hajajamba."

Mtumishi wa mlangoni akageukia ukuta.

"Hajafanya nini, mama?"

Nikalirudia neno lile kwa utaratibu, silabi moja moja, mbele ya wauguzi, wazazi na watoto wa wodi nzima, na naamini lilisikika hadi ofisi ya katibu. Kisha nikamweleza yote: tumbo, hewa, meza ya upasuaji, na udhu.

"Udhu upi huo?" akauliza Mzee Issa.

"Ule uliomtawadhisha wewe."

"Si alilazwa kwa dawa?"

"Alilazwa."

"Akawa hajitambui?"

"Kabisa."

"Basi udhu uliondoka pamoja na fahamu zake. Hilo ni somo la mwanzo, na yeye mwenyewe nimemfundisha." Kisha sauti yake ikapungua. "Mtoto huyu amekuwa akishikilia nini, jamani. Nipeni mjukuu wangu."

Neema akaisogeza simu kwenye mto wa Zuhura.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama yangu. Nijibu. Walikulaza usingizi wa dawa?"

"Ndiyo, babu."

"Aliyelala usingizi ule, ukamwita asikusikie, ana udhu?"

Zuhura akatazama dari, kama anayesoma ubao. "Hana."

"Basi wewe?"

"Basi mimi sina."

"Huna. Umejitahidi, na Mungu ameona. Sasa achia. Ukipona nitakutawadhisha upya kwa mikono yangu."

Zuhura akanitazama. "Mbele ya watu, bibi?"

"Mbele ya watu."

Akafumba macho. Tukangoja. Mama yake akaacha kukunja kanga. Mwanamke wa kitanda cha jirani akaacha kunyonyesha. Neema alikuwa amebana pumzi yake mwenyewe, kana kwamba hiyo ingesaidia. Zuhura akafumbua macho, na kwa mara ya kwanza tangu afike kwetu nikaona machozi.

"Hautoki," akasema. "Nimeubana mpaka umezoea."

Ndipo Dokta Mushi alipoingia, amekwisha kuvaa mavazi ya upasuaji na kofia yake ya kijani, amechoka kungoja, na hakuna aliyewahi kumweleza kitu. Nilifungua kinywa. Yeye alikuwa tayari amefika kitandani, ameweka mkono wa kushoto tumboni na kifaa masikioni, akainama kusikiliza.

"Shikamoo, daktari," akasema Zuhura.

"Marahaba," akasema daktari, na mkono wake ukabonyeza.

Sitaelezea sauti ile. Nitasema tu kwamba ilikuwa ndefu, na kwamba ilianza kama kiti kinachoburutwa na kumalizika kama barua inayochanwa. Daktari alinyanyuka wima, kifaa bado masikioni, akiutazama ukuta wa mbele kama mtu aliyeitwa kwa jina lake mahali pasipo na watu.

"Marahaba," akasema tena.

Mama Zuhura akafunika uso kwa kanga. "Samahani, daktari. Mtoto hakukusudia."

"Hakuna samahani hapa, mama," akasema Dokta Mushi. Aliuweka tena mkono tumboni, taratibu, nikaona vidole vikizama mahali ambapo jana yake vilikuwa vikigonga. "Mwambie aendelee."

Zuhura akaendelea. Daktari akampungia mkono mtumishi wa mlangoni aondoe kitanda chake, akavua ile kofia ya kijani akaikunja mkononi, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa, jambo ambalo katika wodi yangu lilikatazwa kwa kila mtu bila kujali cheo. Nikamwacha akae.